Maji ya Juu

Mpaka leo sinywi maji kabla sijayaonja kwa ncha ya ulimi. Wajukuu wangu hunicheka na kudhani ni uzee. Nikiwa mgeni kwa watu hufanya kwa kificho, maana ni adabu mbaya kuonja maji ya mwenyeji kama mtu anayeogopa sumu. Tabia hii niliipata ujanani, katika miaka ya hamsini. Inatokana na mama yangu na jambo nililomfanyia.

Kijiji chetu kiko kusini mwa Unguja, upande wa mashariki, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe tunayoiita uwanda. Mto hakuna. Ukipiga jembe, linalia juu ya jiwe kabla halijazama nusu ya kiganja. Tulichokuwa nacho ni pango. Unashuka vipandio ishirini na tatu vya mawe, giza linakupokea pamoja na harufu ya popo, na mwisho wake panakuwa na dimbwi kubwa la maji matamu, maangavu. Bahari ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka hapo, lakini ilipojaa, maji ya pangoni yalipanda, na ilipokupwa yalishuka. Sisi watoto tuliona ni jambo la kawaida, kama jua kuchomoza.

Mama alikuwa mtunza pango. Hakikuwa cheo, wala hakulipwa. Alirithi kwa mama yake, aliyerithi kwa mama yake. Alifagia vipandio, akaopoa majani na popo waliokufa, na alitunza kata tatu za kuchotea. Kata yenyewe ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa mti. Masharti yake yalikuwa mawili tu. La kwanza: engua, usizamishe. Yaani kata iguse uso wa maji na kuchukua ya juu, kama mtu anavyoengua tui linapopanda, isishuke chini. La pili: baada ya adhuhuri mpaka alasiri, pango linalala. Hachoti mtu.

Watu walipomwuliza kwa nini, alisema, "Ndivyo mama alivyoniambia." Hakuwa na maelezo zaidi ya hayo, wala hakujifanya anayo.

Lakini ulimi alikuwa nao. Mwanamke akizamisha kata, sauti ya mama ilitoka gizani:

"We! Unachota maji au unapima kina cha bahari?"

"Samahani, bibi, nna haraka."

"Haraka ya nini? Mumeo kakimbia?"

"Hajakimbia, ila ana njaa."

"Basi mwenye njaa hakimbii mbali. Engua!"

Wanawake wote waliokuwa kwenye vipandio walicheka, na mkosaji naye alicheka, akaengua. Ndoo moja ilichukua muda mrefu kujaa. Pale ndipo ndoa zilipopangwa na wakwe waliposemwa. Mtu aliyekuwa na debe moja hakuona kuwa amepoteza asubuhi yake.

Mama alizaa watoto saba, akazika watano. Nilibaki mimi na dada yangu mkubwa. Baba alikufa nikiwa sijui kufunga msuli. Dada yangu yeye alizaa watoto sita na hakuzika hata mmoja. Sasa naona kuwa mambo yetu yote yalianzia hapo, na sijui niseme nini juu yake, kwa sababu sitaki hata mmoja wa wale sita akosekane. Ilikuja sindano. Ilikuja dawa ya unga ya kutia maji ambayo mtoto wa homa alipewa akaamka. Walikuja watu na mabomba mgongoni wakapuliza dawa ya mbu kwenye kuta za nyumba zetu, kuku wakapiga chafya, na mwaka ule makaburi madogo yalipungua. Mama alimshukuru Mungu, akaomba wapulizaji warudi tena.

Vijana waliopona walioa, wakajenga. Zamani tulikata kipande cha uwanda, tukakilima miaka miwili, kisha tukakiacha kiote msitu tena mpaka watoto wadogo wapate ndevu. Sasa hapakuwa na mtu wa kukiacha hata miaka mitatu, maana nduguye alikuwa pembeni anakisubiri. Kuni nazo zilienda mjini, kwenye matanuu ya kuchomea chokaa na kwenye majiko ya watu, na wanawake wetu walianza kuzifuata mbali. Mtama ulitoka mfupi. Na pangoni, foleni ya ndoo ilipanda vipandio vyote ishirini na tatu, ikatoka nje, ikazunguka mti wa mkungu.

"Watu wanazaa," mama alisema jioni moja akijikanda magoti. "Pango halizai."

Alipunguza kipimo. Kila nyumba madebe mawili. Wenye watoto wengi walinung'unika, na vicheko pale kwenye vipandio vikapungua.

Mimi wakati huo nilikuwa mjini. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikaenda Malindi, mtaa wa bandarini pale mjini, kutafuta kibarua, na baada ya kubeba magunia miezi kadhaa nikapata kazi kwenye kinu cha mafuta ya nazi. Kazi yangu ilikuwa kuipa mashine mafuta, kuiwasha kwa mkono wa chuma na kuisikiliza. Niliipenda. Mashine haikuulizi unatoka wapi. Watu waliniuliza. Nikifungua mdomo, lafudhi ya kusini ilitoka, na wenzangu wa Ng'ambo nilikopanga chumba walipiga makofi.

"Sema tena! Sema tena, tusikie! Jamani, huyu kaja na pweza mfukoni!"

Basi nilijifunza kusema kama wao. Nilijifunza kwa bidii kuliko nilivyojifunza Kurani, Mungu anisamehe. Jumamosi jioni nilikwenda Forodhani na shati lililopigwa pasi, nikaongea na watu nisiowajua, ili nione kama watanitambua. Waliposhindwa, nililala nikiwa na furaha.

Na kule Ng'ambo mtaani palikuwa na mfereji. Unafungua, maji yanatoka. Nilipoufungua mara ya kwanza nilitazama huku na huku, nikitafuta nani anayesimamia.

Sasa mfanyabiashara mmoja wa mbata, aliyekuwa akinunua nazi za kijiji chetu, alifiwa na baba yake. Akataka kumtolea sadaka isiyokatika thawabu. Aliona foleni ya pangoni, akaingiwa na huruma, akanunua mashine ya kupandisha maji pamoja na tangi la chuma la kuwekwa juu. Hakutaka kitu kwetu isipokuwa dua. Alipouliza ni nani kijijini anayejua injini, wakamwambia yupo kijana Malindi. Nikaitwa.

Nilirudi nyumbani ndani ya lori, nimekaa mbele, baina ya dereva na fundi. Fundi alikuwa mtu mzima wa mjini, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa akinipa sigara na kuniita "fundi mwenzangu." Sikuwahi kuitwa hivyo.

Siku ya kushusha paipu, kijiji kizima kilikusanyika. Sheha, mkubwa wa kijiji, alivaa kanzu. Mashine iliwekwa juu, na paipu ikashushwa kupitia tundu lililokuwa kwenye paa la pango. Fundi, mimi na vijana wawili tulishuka kuipokea. Mama alikuwa chini, amekaa mahali pake, kata mapajani.

Fundi aliishusha paipu mpaka ikagonga jiwe la chini kabisa. "Hapa," akasema. "Hapa haitavuta hewa hata maji yakishuka."

Mama akasimama. Alisema kwa lugha yetu ya kusini, kwa haraka, kama alivyokuwa akisema anapokasirika. Mtu wa mjini asingemfahamu. Alisema: mwambie asiipeleke chini. Ya chini si ya kunywa. Tamu iko juu, haizidi kina cha mkono mmoja, na chini yake ni bahari. Mwambie aifunge juu, ipande na kushuka pamoja na maji. Na mchana mashine ilale.

Fundi alinigeukia. "Bi mkubwa anasema nini?"

Nimelipitia jambo hili mara nyingi na sitalipamba. Nilimfahamu kila neno. Nilikuwa nimeonja, nikiwa mtoto, maji ya chini. Tulikuwa tukipiga mbizi kwa siri na kupata chumvi mdomoni. Nilijua kwamba anasema kweli. Lakini vijana wawili walikuwa wanatazama, na fundi alikuwa ananingoja na uso wake wa heshima, na mama yangu alikuwa amesimama peku na kifuu cha nazi mkononi, anapiga kelele kwa lafudhi niliyokuwa nimeikimbia miaka mitatu. Nikaona aibu.

"Anaomba dua tu," nikasema. "Anaibariki kazi."

"Amin," akasema fundi, akainamisha kichwa chake kwa adabu. "Amin, bi mkubwa." Akafunga paipu palepale chini.

Mama hakuwa amejifunza kusema kama watu wa mjini, lakini maneno yao aliyafahamu vizuri. Alinitazama. Akakaa.

Wiki ile mashine iliwashwa, na maji yakaruka ndani ya tangi kwa kishindo, watoto wakavua nguo. Sitasema kuwa ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri. Dada yangu alijaza madebe sita kabla chai haijachemka. Wasichana waliokuwa wakishinda pangoni walikwenda chuoni kusoma Kurani. Wazee walioga kila siku. Kwa miezi kumi hapakuwa na mtu aliyegombania maji. Watu wa vijiji vya jirani walikuja na mikokoteni ya ng'ombe. Baadhi yao wakaomba viwanja wakakaa. Nami nilibaki kijijini kuiendesha mashine, kwa ujira. Watu waliniamkia kabla sijawaamkia.

Mwanzoni niliizima mchana. Kisha siku moja kulikuwa na harusi, wageni wengi, tangi limekauka saa saba. Sheha alikuja mwenyewe.

"Ipige kidogo tu, baba. Watu watatucheka."

"Mchana pango linalala, sheha."

"Linalala kwa wenye kata. Hii mashine imechoka?"

Niliipiga. Siku iliyofuata hapakuwa na harusi, nikaipiga pia.

Mama aliendelea kushuka na kata yake, akaengua debe moja la nyumbani. Mchana, mashine ilipokuwa ikinguruma juu ya kichwa chake, alikuwa akifagia vipandio ambavyo hakuna aliyevishuka tena.

Chumvi haikuja siku moja. Kwanza maharage yalikataa kuiva. Kisha sabuni ikawa haitoi povu, wanawake wakamlaumu mwenye duka kuwa kaleta sabuni mbaya. Kisha mtoto wa mwisho wa dada yangu alitema maji. Mwishowe mtu hakuhitaji kuambiwa. Nilishuka na kata, nikaengua juu kabisa kama nilivyofunzwa, nikatia ulimi. Hata ya juu yalikuwa na chumvi.

Watu hutafuta sababu. Walisema mtu mchafu ameshuka pangoni. Wengine walisema wahamiaji hawakuomba idhini. Kisha mwanamke mmoja, ambaye mama alimtania mara nyingi pale kwenye vipandio, alisema hadharani karibu na tangi:

"Tunazunguka nini? Nani aliyepoteza kazi mashine ilipokuja? Nani aliyesimama siku ile akasema maneno yake, tukaambiwa ni dua? Dua gani ile, mtu anapiga kelele?"

Nilikuwapo. Nilikuwa nimeshika kopo la mafuta. Nilijua kuwa nikisema sentensi moja tu, jambo lingekwisha. Sikusema.

Tangu siku ile mama alikuwa ndiye aliyeharibu maji. Hawakumpiga, wala hawakumtukana usoni. Sisi si watu wa hivyo. Waliacha tu kupita kwake. Alipopiga "Hodi," walijibu "Karibu" kwa sauti ya kukufanya uondoke. Watoto walikatazwa kula kwake. Mwanamke aliyekuwa akichekesha ngazi nzima alibaki anaongea na kuku.

Aliugua mwanzo wa kusi, baridi ilipoingia. Kifua. Nilimletea maji matamu kutoka mjini, ya mfereji, kwenye galoni. Nikayatia katika kata ili ayapende. Akanywa mara moja.

"Ya mjini haya."

"Naam, mama."

"Mazuri. Yana ladha ya chuma, lakini mazuri."

Nikamwambia basi. Nilisema nimeamua: kesho nitakwenda kwa sheha, nitasema ulisema nini siku ile na mimi nilisema nini.

Alinirudishia kata. "Usiende," akasema.

"Wanakusingizia, mama."

"Nnajua. Mimi nshazeeka, mwanangu, kunisingizia hakunipunguzii kitu. Wewe wakikutoa kwenye mashine, dada yako na wale sita watakula nini? Mume wake huyo unamjua." Akakohoa kwa muda. "Ila siku yangu ikifika, maji ya kunioshea uyachote mwenyewe. Pangoni. Na usizamishe."

Nilimtii kwa sababu ilinifaa kumtii. Nataka hili lieleweke. Mtu anaweza kusoma hapa akadhani nilimheshimu mama yangu. Nilifurahi aliponikataza.

Alikufa siku ya nne, baina ya alfajiri na kucha. Kwetu mtoto wa karibu ndiye anayechota maji ya kumwoshea maiti, na huchota bila kusema na mtu. Nilishuka vipandio vyote nikiwa na ndoo mbili na kata yake. Bahari ilikuwa imejaa, maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye jiwe alilokuwa akilikalia. Niliengua. Sikumbuki ilichukua muda gani. Mkono ulikufa ganzi. Nilikuwa nikiipitisha kata juu ya uso wa maji polepole kuliko alivyopata kuniona nikifanya, kama kwamba upole wangu ungeyarudisha yalivyokuwa. Ndoo zilipojaa nilionja. Chumvi ile ile.

Dada yangu alizipokea mlangoni. Walikuwapo wanawake watatu tu wa kumwosha.

Makaburini walikuja wanaume wachache, kwa wajibu. Baada ya sala, imamu aligeuka akauliza kama inavyoulizwa siku zote: "Mnamshuhudiaje marehemu huyu?" Na jibu ni moja siku zote, watu hujibu kwa pamoja: mtu mwema. Siku ile lilitoka jibu dogo, la watu wawili watatu, wengine wakatazama viatu vyao.

Nikasema, "Alikuwa mtu mwema. Na hakuharibu maji. Niliyeharibu ni mimi."

Nikaeleza. Nilisema kwa lugha yetu ya kusini, kwa sababu kwa lugha ya mjini maneno yalikataa kutoka. Nilisema paipu, nilisema aibu, nilisema "anaomba dua tu." Nilipomaliza nilibaki nimesimama kando ya kaburi. Nilikuwa natarajia kupigwa. Nadhani nilikuwa nataka kupigwa.

Sheha aliinama akachukua konzi ya mchanga. "Mungu amrehemu," akasema. "Haya, tuzikeni. Jua kali."

Wakazika. Jioni watu wengi walikuja matangani, wengi kuliko wote waliokuja msibani mwaka ule. Yule mwanamke wa kwenye tangi alikuja na sahani ya wali akaiweka mbele ya dada yangu, akalia sana. Lakini mama alikuwa ameshazikwa, na wali ule ulipikwa kwa maji ya chumvi.

Niliondolewa kwenye mashine. Tuliinua paipu mpaka juu, tukaipiga asubuhi tu, kisha tukaiacha kabisa mwaka mzima. Maji yalipata utamu kidogo, kisha yakarudia chumvi. Huenda kama ingefungwa juu tangu siku ya kwanza, na ikalala mchana, tungekuwa tunakunywa mpaka leo. Huenda pia isingefaa kitu, maana tulikuwa wengi kuliko tulivyokuwa, na maji ya juu yalikuwa ni mkono mmoja tu. Sijui. Wenye elimu watajua. Mashine haikukosa, ilifanya kile ilichoambiwa.

Watu walianza kuondoka. Wale wahamiaji kwanza, kisha vijana wetu. Dada yangu na watoto wake sita nilihamia nao Ng'ambo, chumba kimoja, karibu na mfereji, na asubuhi foleni ya ndoo ilikuwa ndefu pale pia.

Kata niliichukua. Mpini nimeubadilisha mara mbili. Kifuu ni kile kile. Wakati mwingine dada yangu, alipokuwa hai, alikuwa akiitia kwenye pipa la maji na kuchota kwa haraka zake, akiizamisha mpaka chini. Nilikuwa nikimtazama bila kumwambia kitu. Alikuwa na watu wengi wa kuwapa maji.